Sura ya Tatu: Swali Linalochelewa

Mwezi Juni 2014, Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam ulijaa watu siku ambayo hapakuwa na mechi. Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70 za kazi, na vijana walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000. Ukumbi wa kuwatosha haukuwapo, wakaelekezwa uwanjani, wakaketi kwenye viti vya mashabiki.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, mwanzoni mwa 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilikuwa na nafasi 1,596. Maombi yalizidi 135,000, yaani kila nafasi iligombewa na watu wapatao 85.

Habari kama hizi husomwa kuwa habari za uhaba wa ajira, na uhaba huo upo kweli. Hakuna ushauri wowote unaoweza kuzigeuza nafasi 70 zikawa 10,000. Lakini umati wa namna ile unasimulia pia jambo la pili. Ndani yake wamo waliosoma sheria, uhasibu, sosholojia, ualimu, sayansi ya siasa na mipango miji. Waliingia vyuoni kwa milango mingi, wakatokea kwenye mlango mmoja, kwa sababu ndio uliokuwa wazi siku ile. Darasa la kwanza hadi la saba, kidato cha kwanza hadi cha sita, kisha miaka mitatu ya chuo: hiyo ni miaka 16 ya masomo. Katika miaka yote hiyo, swali la kazi ipi inamfaa nani, na kwa sababu gani, halikuwahi kupewa kipindi kwenye ratiba.

Watu wazima wanapomwona mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akibabaika, husema kijana wa siku hizi hajui anachotaka. Wanalolisema ni kweli kwa nusu tu. Hajui, kwa kuwa yeye ndiye mtu wa mwisho kuulizwa.

Herufi tatu

Mwanafunzi wa Tanzania huanza kuchagua kazi akiwa kidato cha nne, ila hakuna anayemweleza kwamba ndicho anachokifanya. Anachoambiwa ni kujaza selfomu, yaani fomu ya machaguo. Humo anaandika tahasusi anazozipenda, ambazo wanafunzi wenyewe huziita kombi: PCB kwa fizikia, kemia na baiolojia, EGM kwa uchumi, jiografia na hisabati, HKL kwa historia, Kiswahili na Kiingereza, na nyinginezo. Ni herufi tatu tu kwenye karatasi. Aliyeandika HKL ameshauaga udaktari, uhandisi na ufamasia, na huenda hakuna aliyemkalisha chini kumwambia kwaheri hiyo ina uzito gani.

Wakati huo ana miaka 17 hivi. Sababu zake ni za umri wake. Mwalimu wa jiografia alikuwa anafundisha vizuri. Hesabu zilimtesa tangu kidato cha pili, pengine kwa sababu shule yake ilikaa mwaka mzima bila mwalimu wa hesabu. Kaka yake alisoma EGM, na daftari zake zipo nyumbani. Rafiki zake wote wanakwenda PCB. Ushauri na unasihi upo shuleni kwa jina, lakini mara nyingi umekabidhiwa kwa mwalimu mwenye vipindi vingi vya somo lake, ambaye hupata muda wa kumwita mwanafunzi ofisini pale tu panapotokea utovu wa nidhamu au ujauzito.

Matokeo yakitoka, TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, inampanga kulingana na ufaulu wake na nafasi zilizopo. Miaka ya karibuni Serikali imefungua dirisha la kubadili machaguo baada ya matokeo, na hilo ni jambo jema, kwani mwanafunzi sasa anaweza kulinganisha ndoto yake na alama alizozipata kweli. Mwaka 2024 ikatangazwa pia kwamba tahasusi zitaongezwa kutoka 16 hadi 65, zikiwemo za michezo, sanaa na lugha za kigeni. Uwanja wa kuchagua umepanuka sana. Mtu wa kumsaidia mtoto kuchagua hajaongezeka kwa kasi hiyo.

Baada ya kidato cha sita unakuja mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kitabu kinene chenye mamia ya programu, kila moja na masomo yake ya lazima na pointi zake. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja wa TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji anapeleka maombi chuoni moja kwa moja. Mfumo umebadilika, lakini kijana anaendelea kukisoma kitabu kile kwa namna ileile. Anaanza na pointi zake, anatafuta programu zinazozikubali, anafuta zile ambazo majina yake hayaelewi, na katika zilizobaki anachagua. Kozi inayoitwa Sheria anaielewa. Ukadiriaji majenzi hana picha nao, hivyo anauruka, ingawa kila ghorofa linaloinuka Dodoma au Dar es Salaam limepita mikononi mwa mkadiriaji majenzi kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Kisha mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kwa miaka mingi imekuwa na fani za kipaumbele: ualimu wa sayansi na hisabati, afya, uhandisi na nyingine ambazo taifa lilikuwa na njaa nazo. Sera hiyo ina mantiki yake. Kwa familia isiyo na uwezo, hata hivyo, fani ya kipaumbele ilimaanisha kitu kimoja tu: fani inayolipiwa. Wapo waliojaza ualimu bila kuwahi kutamani kusimama mbele ya darasa, kwa kuwa bila bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, wasingeweza kula wala kupanga chumba. Wameamua kwa busara, kwa kadiri ya mazingira yao. Lakini kilichoamuliwa hapo ni namna ya kufika chuo. Kazi ya maisha haikuwa mezani.

Hesabu ya machujio, basi, ni hii: alama za kidato cha nne, tahasusi, sifa za udahili, na mkopo. Swali la kila chujio linaulizwa na mtu mwingine na kujibiwa kwa hofu ya kukosa. Anapofika mwaka wa tatu, katikati ya mafunzo kazini (fildi), ripoti na hofu ya mitihani ya marudio (sapu), ndipo shangazi anamuuliza kwenye simu, "Ukimaliza unataka kufanya kazi gani, mwanangu?" Hajawahi kufanya mazoezi ya kulijibu swali hilo hata siku moja.

Nchini Kenya majina ni mengine, mkondo unafanana. Aliyepata wastani wa C+ na kuendelea katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anaweza kuwekwa chuo kikuu kupitia KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, kwa pointi zinazokokotolewa kutokana na masomo yanayohusiana na kozi. Mwenye alama za juu kabisa husukumwa kwenye udaktari hata kama damu humtia kizunguzungu, maana watu huona kuchagua kingine ni "kupoteza alama." Mtaala wa umilisi ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 umewafikisha wanafunzi wake wa kwanza Gredi ya 10 Januari 2026, na huko wanagawanyika katika njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya sayansi za jamii; na ya sanaa na michezo. Kwa hiyo nchini Kenya swali limesogezwa hadi kwa mtoto wa miaka 15.

Kumbukumbu ya wazazi

Ili kuelewa kwa nini nyumbani nako hakuna msaada mkubwa, ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, wiki chache kabla ya uhuru, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 13, wote wa sheria. Nchi nzima ilikuwa na wasomi wa kuhesabika kwa vidole. Serikali ilipanga nguvukazi kwa miaka ijayo: wahandisi kadhaa, madaktari kadhaa, walimu kadhaa. Aliyehitimu alipangiwa kituo. Swali la "nitafanya kazi gani" lilijibiwa na karatasi ya wizara, na jibu liliambatana na nyumba, mshahara na heshima kijijini.

Baadaye likaja jambo ambalo vijana wa leo wengi hawalijui. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala wakati huo, ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma. Pamoja na mengine, azimio hilo lilisitisha utaratibu wa kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Mwombaji alitakiwa apitie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi angalau miaka miwili, kisha aje na maoni ya waliofanya naye kazi. Sharti hilo lilileta matatizo yake. Lilipunguza idadi ya wasichana kiasi kwamba miaka michache baadaye waliondolewa katika sharti hilo, na baadaye lililegezwa zaidi. Lakini lilikuwa na tokeo moja la pembeni linalostahili kukumbukwa: darasani Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikaa watu waliokwisha kuonja kazi. Aliyesomea uchumi alikuwa amekaa kwenye ofisi ya ushirika akaona mahesabu ya pamba yanavyokwenda. Aliyesomea ualimu alikuwa ameshika chaki.

Miaka ya 1980 uchumi ulibana, na kufuatia makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali ikaanza kupunguza mkono wake katika ajira. Kwa walimu, hata hivyo, kupangiwa kazi mara baada ya kuhitimu kuliendelea hadi katikati ya miaka ya 2010. Kwa hiyo mzazi mwenye miaka 55 leo aliona kwa macho yake kaka, dada na majirani wakimaliza chuo na kupewa barua ya kituo. Anapomwambia mwanawe "soma kwa bidii, kazi itakuja," anatoa ushahidi wa alichokiona. Ni ushauri wa kweli kutoka nchi ambayo haipo tena. Na mtoto, ambaye ng'ombe wawili au kiwanja cha familia kimeuzwa ili asome, hana moyo wa kumpinga.

Vikapu vitatu

Kubabaika kwa wanafunzi ni jambo ambalo limechunguzwa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua jijini Boston ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, wengi wao watoto wa wahamiaji maskini. Alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake kilitoka mwaka 1909. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anahitaji kujijua, kuzijua kazi, na kufikiri kwa makini jinsi hayo mawili yanavyokutana.

Hatua kubwa ya karibu zaidi ni ya mwaka 1996, pale Itamar Gati wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem na wenzake Mina Krausz na Samuel Osipow walipoyapanga matatizo ya kuchagua kazi katika mafungu 10. Yote yanaingia katika vikapu vitatu: kutokuwa tayari, kukosa taarifa, na kuwa na taarifa zinazogongana. Thamani ya mpangilio huo ni kwamba unakataza kumtibu kila mtu kwa dawa moja. Anayekosa taarifa hasaidiwi na hotuba ya kumtia moyo, na aliyebanwa baina ya baba yake na moyo wake hasaidiwi na kipeperushi.

Kikapu cha kwanza, kutokuwa tayari, kina imani potofu pamoja na uzito wa kuanza. Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba kila mtu ana kazi moja aliyoumbiwa, na kwamba akiipata ataitambua papo hapo. Mwaka 2018 Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi wanaoamini kwamba mapenzi ya kazi hugunduliwa na wanaoamini kwamba hukuzwa. Wale wa kwanza hawakuvutiwa kama wenzao na mambo ya nje ya fani yao, na jambo jipya walilolipenda lilipoanza kuwa gumu, hamu yao ilishuka haraka zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesema "nimegundua hii si kozi yangu" wiki mbili baada ya kupata alama mbaya za takwimu huenda anasema kweli. Huenda pia amekutana tu na sehemu ya kazi ambayo humchosha kila mtu mwanzoni.

Kuna wanaochelewa kuamua kwa kuwa wanataka kilicho bora kuliko vyote. Sheena Iyengar, Rachael Wells na Barry Schwartz waliwafuatilia wahitimu wa vyuo vya Marekani wakitafuta kazi na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Waliokuwa na tabia ya kusaka kilicho bora kabisa walipata mishahara ya kuanzia iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20. Hata hivyo hawakuridhika kama wenzao, wakiwa wamechoka na wenye wasiwasi, kwa sababu mawazo yao yalibaki kwenye milango ambayo hawakuifungua.

Kikapu cha pili, cha kukosa taarifa, ndicho kizito zaidi Afrika Mashariki. Mwanafunzi hawezi kuchagua kazi ambayo hajawahi kumwona mtu akiifanya. Mtoto wa Namtumbo au Kasulu amemwona mwalimu, nesi, polisi, mchungaji au shehe, mfanyabiashara na dereva. Daktari na mwanasheria amewaona kwenye televisheni. Hana mahali pa kumwona mtakwimu bima akikokotoa hatari, wala mpima ardhi akipima mipaka ya shamba, wala mtaalamu wa maabara anayepima ubora wa kahawa. Tatizo si la maskini pekee. Mwaka 2020 shirika la OECD lilitoa ripoti ya vijana wa miaka 15, iliyotokana na tathmini ya PISA ya 2018. Katika nchi 41 zilizolinganishwa, asilimia 53 ya wasichana na asilimia 47 ya wavulana walitarajia kufanya moja kati ya kazi 10 tu watakapofikia miaka 30. Dunia ina maelfu ya kazi. Ndoto za watoto zinapangana foleni kwenye milango 10.

Taarifa nyingine hukosekana kwa sababu kazi zenyewe hazijazaliwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Aliyekuwa akijaza selfomu mwaka 2005 asingeweza kuandika kwamba anataka kusimamia mawakala wa pesa za simu. Reli ya kisasa ilianza kujengwa mwaka 2017, na abiria wa kwanza wakasafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza wakati ujenzi unaanza alikuwa chuoni treni za umeme zilipoanza kukimbia, na mafundi wake wa umeme, mawasiliano na ishara walihitajika siku hiyohiyo.

Kikapu cha tatu ni cha taarifa zinazogongana, na hiki huumiza zaidi kwa sababu wanaogongana ni watu wanaopendana. Baba anasema ualimu. Mjomba aliyeko mjini anasema uhasibu, maana "ofisini kwetu wahasibu hawakosi." Mhadhiri anasema ubaki usome uzamili. Mitandaoni kuna kijana anayesema shahada ni karatasi tu, aache chuo aanze biashara. Kila mmoja ana mfano wa mtu aliyefanikiwa, na mifano yote ni ya kweli.

Hata kazi inayodhaniwa kuwa salama kuliko zote haimalizi ubishi. Kati ya Machi na Mei 2024, madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, na miongoni mwa madai makuu lilikuwa la madaktari wa mafunzo kwa vitendo: kupangiwa vituo na kulipwa posho iliyokubaliwa. Walikuwa vijana waliopata alama za juu kabisa nchini, waliofuata kila ushauri waliopewa na kusoma miaka sita. Nao walikuwa wanasubiri.

Kupe na miti

Mkenya Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960 kwa ufadhili uliowapeleka mamia ya wanafunzi wa Afrika Mashariki huko. Alisoma baiolojia, akapata shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964, kisha ya uzamili Pittsburgh. Aliporudi nyumbani mwaka 1966 alikuwa na barua ya kazi mkononi: msaidizi wa utafiti katika idara ya zoolojia ya chuo kikuu cha Nairobi. Alipofika aliambiwa nafasi ile amepewa mtu mwingine.

Hapo palikuwa na kila sababu ya kukata tamaa. Baada ya kuhangaika alikutana na Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, akachukuliwa huko. Hakuwa ameota kuwa mtaalamu wa anatomia ya ng'ombe. Alijifunza kazi akiwa kazini, akaipenda, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu.

Utafiti uliofuata ulimpeleka vijijini kukusanya kupe wanaoeneza ndigana kali. Akiwa huko aliona mito yenye maji ya tope, ng'ombe waliokonda mbavu nje, na milima iliyovuliwa miti. Alikwenda kutafuta kupe, akakuta kwamba ugonjwa mkubwa zaidi ulikuwa wa ardhi yenyewe. Wakati huohuo, katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alisikia wanawake wa vijijini wakilalamikia kuni, maji na chakula. Mwaka 1977 akaanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hakuna mshauri wa kazi ambaye angeweza kumwandikia ramani hiyo mwaka 1960. John Krumboltz wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzake, alichapisha mwaka 1999 nadharia inayoeleza maisha ya namna hii: matukio yasiyopangwa yana sehemu kubwa katika kazi za watu, na mtu anaweza kujifunza kuyatumia. Alitaja udadisi, ustahimilivu, uwezo wa kubadilika, matumaini, na ujasiri wa kujaribu kabla ya kuwa na uhakika. Kwa Krumboltz, mwanafunzi ambaye hajaamua hakupaswa kutazamwa kama mgonjwa. Kusema "bado sijui" kunaweza kuwa akili timamu, mradi mtu huyo anaendelea kutoka nje kutazama.

Ni vema kuwa mwangalifu na hoja hii. Maathai hakuketi kungojea bahati. Alikuwa na ujuzi wa baiolojia uliokubalika popote, alibisha hodi kwenye mlango wa pili ulipofungwa wa kwanza, na kazi yake ilimlazimu kutembea vijijini na kuona. Bahati ilimkuta akiwa barabarani.

Mambo matano

Mwaka 2000 Steven Brown na Nancy Ryan Krane walipitia tafiti nyingi kuhusu misaada ya kuchagua kazi, wakitaka kujua kipi hasa kinachosaidia. Yalijitokeza mambo matano: kuandika malengo na mipango kwa mkono wako, kupata mrejesho unaokuhusu wewe binafsi, kupewa taarifa za kweli za kazi, kukutana na watu waliokwisha kupita njia hiyo, na kujenga mtandao wa watu wa kukuunga mkono. Kila lilipoongezwa jambo jingine kati ya hayo, msaada ulizidi kuwa na nguvu.

Orodha hiyo haina hata kitu kimoja ambacho chuo cha Tanzania hakiwezi kukimudu. Daftari la kuandikia lipo. Wahitimu waliomaliza miaka miwili au mitatu iliyopita wapo, na kumbukumbu zao ni mbichi. Wanakumbuka barua ngapi waliandika, kazi ya kwanza ililipa kiasi gani, na ni somo gani walilolidharau darasani likaja kuwaokoa. Mkurugenzi aliyestaafu hualikwa kwenye mahafali kutoa nasaha. Mhitimu wa juzi anayefanya kazi bandarini haalikwi, na yeye ndiye anayejua mlango uko wapi leo.

Kisha kuna fildi. Katika vyuo vingi mwanafunzi hutumwa kazini kwa wiki nane hivi mwishoni mwa mwaka wa masomo, na hapo ndipo Azimio la Musoma linapobaki kwa sura ndogo. Kwa bahati mbaya fildi nyingi hutafutwa kwa kujuana, hufanyika palipo karibu na nyumbani, na huishia kwenye kutoa fotokopi na kujaza kitabu cha kumbukumbu ili mhadhiri aje asaini. Fildi nzuri inahitaji maswali machache ambayo mwanafunzi anarudi nayo yakiwa na majibu. Mtu mwenye kazi hii hufanya nini kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni? Sehemu gani ya kazi humchosha? Alifikaje hapa? Kama angeanza upya angesoma nini? Mwanafunzi wa uhasibu anayeuliza hayo katika duka la jumla Kariakoo, au wa kilimo anayeuliza katika chama cha msingi cha korosho kule Mtwara, amejifunza jambo ambalo mwongozo wa udahili hauwezi kumfundisha.

Muda nao una uzito wake. Fildi ya kwanza ikija mwaka wa kwanza, mwanafunzi anaweza kubadili mwelekeo bila kupoteza mkopo wala miaka. Ikija mwaka wa tatu humthibitishia tu kwamba amechelewa. Na kama ziara ya siku moja kazini ingefanyika kidato cha tatu, kabla ya selfomu, zile herufi tatu zingeandikwa na mtu aliyekwisha kuona kitu.

Hapo ndipo mabadiliko ya sasa yanapotia matumaini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi Dodoma Februari 2025, imegawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Shule zilizochaguliwa zilianza mkondo wa amali kwa kidato cha kwanza Januari 2024, na wanafunzi wake wanashika vifaa vya useremala, umeme, kilimo au ushonaji pamoja na vitabu vyao. Kundi hilo la kwanza litafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Litakuwa na miaka minne ya kufanya kazi kwa mikono na kuona matokeo yake, uzoefu ambao vijana waliojaa Uwanja wa Taifa mwaka 2014 wengi wao hawakuupata shuleni. Mwaka huo selfomu zitakapogawiwa, itajulikana kama kuna mwalimu aliyepewa muda wa kukaa na kila mmoja wao, kumuuliza ameona nini katika miaka hiyo minne, na kusikiliza jibu lake kabla kalamu haijagusa karatasi.